Habasoda, asali na tende: kukatala maneno ya muuzaji si kukatala dini

Mafuta ya habasoda, asali, tende za ajwa, maji ya Zamzam. Katika miji ya mashariki ya Congo, kutoka Kasongo na Kindu paka Uvira, Bukavu na Goma, familia za Waislamu zinavijua vitu hivi tangu zamani. Vinaliwa wakati wa kufuturu, vinatolewa zawadi wakati mahujaji wanarudi kutoka Maka, na vinawekwa nyumbani kama kumbukumbu ya dini. Hapo hakuna shida yoyote.

Shida inaanza pale mutu anasimama mbele ya mugonjwa na kusema: « Mama, kunywa hii tu. Kinini za hospitali uache. Mutume mwenyewe alisema inaponyesha kila ugonjwa. » Maneno ya namna hii yanasikika sokoni, yanapita kwenye WhatsApp, na yanawafikia watu wenye ugonjwa wa sukari, tansio, kifua kikuu ao SIDA. Mugonjwa Muislamu anajikuta ndani ya mutego: akikatala chupa, anaogopa kuonekana kama anamukatala Mutume. Je, ni lazima kweli achague kati ya imani yake na kinini zake?

Ili kujibu, inafaa kuangalia maandiko yenyewe yanasema nini, Waislamu wa zamani waliyaelewa namna gani, na ni kwa njia gani mutu yeyote, wa dini yoyote, anaweza kujua kama dawa inaponyesha.

Maneno haya yanatoka wapi?

Tuanze na haki: wauzaji hawakuyatunga yote. Habasoda, yenye wengine wanaiita mbegu nyeusi na kwa Kifaransa nigelle, inatajwa katika Hadisi zenye Waislamu wengi wanaziheshimu sana, zile za vitabu vya Bukhari na Muslim. Mapokezi hayo yanasema kwamba ndani ya mbegu hiyo kuko ponyo la kila ugonjwa, isipokuwa kifo. Kuhusu asali, sura ya 16 ya Korani, yenye inaitwa sura ya Nyuki, inasema katika aya ya 69 kwamba kinywaji chenye kinatoka ndani ya nyuki kiko na ponyo kwa watu. Kuhusu tende za ajwa, zenye zinalimwa Madina, kuko Hadisi yenye inasema kwamba mutu mwenye anakula tende saba asubuhi hataumizwa siku hiyo na sumu wala uchawi.

Baadaye wanazuoni walikusanya mapokezi ya namna hii ndani ya vitabu vyenye vinaitwa « Tiba ya Mutume ». Kimoja chenye kinajulikana sana ni cha Ibn al-Qayyim, mwanazuoni wa Damasko mwenye alikufa mwaka wa 1350.

Kwa hiyo, Muislamu mwenye anapenda habasoda hakudanganywa kwamba mbegu hiyo inatajwa katika dini yake. Lakini kutoka kwenye andiko paka kwenye chupa ya sokoni kuko safari ndefu. Andiko halitaji kiwanda. Halisemi mugonjwa anywe vijiko vingapi, kwa siku ngapi. Na hakuna mahali lilisema: acha dawa ya munganga. Maneno hayo ya mwisho ni ya muuzaji peke yake.

« Kila ugonjwa » maana yake nini?

Swali hili halikuanzishwa na watu wasioamini. Waislamu wenyewe walijiuliza tangu zamani, sababu waliona kwa macho yao kwamba watu wanakula habasoda na bado wanagonjwa.

Ibn al-Qayyim, yule yule mwandishi wa kitabu cha tiba, alieleza kwamba neno « kila » katika Hadisi hii haliwezi kuchukuliwa bila mipaka. Alitoa mufano wa Korani: inaposema juu ya upepo wenye uliangamiza watu wa Ad, inasema upepo uliharibu kila kitu, lakini maana yake ni kila kitu chenye kiliweza kuharibiwa na upepo ule. Vilevile, kwake, habasoda ilikuwa dawa ya magonjwa fulani, hasa yale yenye waganga wa wakati ule waliyaita magonjwa ya baridi. Wanazuoni wengine waliendelea kuchukua neno « kila » kama lilivyo. Ni kusema, mutu mwenye anasoma Hadisi hiyo kwa maana ya mipaka hajatoka nje ya Uislamu; anafuata njia yenye wakubwa wa dini waliifuata mbele yake.

Ibn Khaldun alienda mbali zaidi. Mwana historia huyu wa Afrika ya Kaskazini aliandika mwaka wa 1377, katika kitabu chake cha utangulizi wa historia, kwamba dawa zenye zinatajwa katika mapokezi ya Mutume zilikuwa ni zile zenye Waarabu wa jangwani walizijua kwa mazoea yao. Kwake, hazikuwa sehemu ya ufunuo. Mutume alitumwa kufundisha dini, hakutumwa kufundisha uganga. Ibn Khaldun aliongeza kwamba mutu mwenye anazitumia kwa imani, akitafuta baraka, anaweza kupata faida. Lakini aliona wazi kwamba baraka ni jambo moja, na elimu ya tiba ni jambo lingine.

Kuko pia matendo ya Mutume mwenyewe, sawa vile mapokezi ya Waislamu yanayaeleza. Rafiki yake Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mutume alimuelekeza kwa Harith bin Kalada, mutu mwenye alijulikana kuwa muganga. Mara nyingine watu wa Madina walifuata maoni yake juu ya kuchavusha mitende, mavuno yakapunguka, naye akawaambia kwamba mambo ya dunia yao wanayajua vizuri zaidi. Zaidi ya hayo, mapokezi hayo hayo yanataja dawa nyingi mbalimbali. Kama mbegu moja ingetosha kwa kila kitu, zingine zote zingekuwa za nini?

Pigo la Amwas: sahaba walifanya nini?

Mufano wenye nguvu zaidi unatoka katika miaka ya kwanza ya Uislamu. Karibu na mwaka wa 639, miaka michache kisha kifo cha Mutume, tauni iliingia katika jeshi la Waislamu huko Sham, inchi ya Siria na Palestina ya leo. Inajulikana kama pigo la Amwas. Watu wengi walikufa, na kati yao sahaba wakubwa kama Abu Ubayda na Muadh bin Jabal.

Hakuna mutu anaweza kusema kwamba watu hao hawakujua habasoda, asali na tende. Walikuwa wamemusikia Mutume kwa masikio yao. Hakuna mutu anaweza kusema kwamba imani yao ilikuwa kidogo. Hata hivyo, tauni iliwaua.

Kalifa Omar alikuwa njiani kuelekea huko. Alipopata habari, alifanya mashauri na wenzake, kisha akarudi Madina, kufuatana na mafundisho ya Mutume yenye yanasema mutu asiingie pahali penye tauni na mwenye yuko ndani asitoke. Baadaye mukubwa wa jeshi Amr bin al-As aliwaamuru watu watawanyike, wapande milimani, wasikae pamoja. Wakaaji wa Beni, Butembo na Mangina wenye walipitia Ebola watatambua mara moja mambo hayo: kufunga njia ya ugonjwa, kuepuka mukusanyiko. Mbele ya ugonjwa mukali, Waislamu wa kwanza walitumia akili na mupango. Hawakungojea chupa iwaokoe.

Labo imepata nini ndani ya vyakula hivi?

Kusema kwamba habasoda haiponyeshi kila ugonjwa si kusema kwamba haifai kitu. Uchunguzi umefanywa katika inchi mbalimbali.

Habasoda. Mbegu hii iko na kitu chenye watu wa sayansi wanaita timokinoni. Katika majaribio madogo kwa watu, habasoda ilisaidia kushusha kidogo sukari ya damu na tansio, mara nyingi wakati wagonjwa waliendelea na dawa zao za kawaida. Hayo ni kidogo, lakini si bure. Sababu ya hayo hayo, inaomba uangalifu: mutu mwenye anakunywa kinini za sukari na anaongeza mafuta mengi ya habasoda bila kumuambia munganga, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Mwanamuke mwenye mimba pia asikunywe mafuta hayo kwa wingi bila kuuliza. Juu ya SIDA, kansa ao kifua kikuu, hakuna ushahidi wenye unaonyesha kwamba mafuta haya yanaweza kuchukua nafasi ya matibabu.

Asali. Inatuliza kikohozi cha mutoto, na asali yenye ilisafishwa kwa kazi ya hospitali inasaidia vidonda vya moto. Lakini mutoto wa chini ya mwaka 1 hapashwe kupewa asali hata kidogo, sababu inaweza kuwa na vijidudu vyenye vinaleta ugonjwa wa kulegeza misuli paka pumzi inakatika. Tena, karibu asilimia 80 ya asali ni sukari. Mutu wa diabete mwenye anaambiwa « sukari ya asali haina shida » anadanganywa.

Kuko Hadisi ya mutu mwenye tumbo la ndugu yake lilikuwa linaharisha, akaambiwa amupe asali, hali ikazidi, akaambiwa aendelee, na mwishowe ndugu akapona. Leo hadisi hiyo inatumiwa mara nyingine kusema: hata mugonjwa akizidi kuharibika, endeleeni. Katika majimbo yetu, penye kolera inarudia kila mara pembeni ya maziwa, shauri hilo linaweza kuua mutoto kwa saa chache. Mwenye kuhara anahitaji maji na chumvi mwilini. Kama paketi ya SRO haipatikani haraka, litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vyenye havikujaa kupita, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vinasaidia wakati familia inaelekea kituo cha afya.

Tende. Ni chakula kizuri, chenye nguvu, chenye kusaidia tumbo kufanya kazi. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari, na iko na potasiamu nyingi, jambo lenye ni hatari kwa mutu mwenye figo zake hazifanye kazi vizuri. Kuhusu sumu, hakuna jaribio lenye limeonyesha kwamba tende inaizuia. Mutu mwenye amekunywa dawa ya panya ao ya kunyunyizia shamba apelekwe hospitali mara moja, hata kama alikula ajwa asubuhi.

Zamzam. Ni maji ya kisima cha Maka, yenye madini ndani yake. Kwa Muislamu ni maji ya baraka. Hakuna uchunguzi wenye umeonyesha kwamba yanaponyesha kansa ao figo.

Dawa ya miti ni dawa, lakini inapimwa

Wengine wanauliza: kwani dawa za hospitali hazitoki kwenye miti? Ndiyo, zingine zinatoka huko, na Kivu inajua jambo hilo kuliko wengine. Muti wa kenkina unalimwa katika milima ya Kivu, na kule Bukavu kuko kiwanda chenye kinatoa kinini kutoka kwenye maganda yake. Neno lenyewe « kinini », lenye wakaaji wengi wanalitumia kwa kidonge chochote, linatoka hapo.

Lakini angalia njia yenye ganda la kenkina lilipitia. Mwaka wa 1820, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitenga ndani ya ganda kile kitu chenye kinapiga homa. Tangu hapo dawa ikaweza kupimwa: miligramu ngapi kwa mutu mukubwa, ngapi kwa mutoto, kiasi gani kinaharibu masikio. Ganda moja linaweza kuwa na dawa nyingi, lingine kidogo. Kidonge kinajulikana.

Muchina Tu Youyou alifanya vilevile na muti wa artemisia. Alianzia kwenye kitabu cha uganga cha zamani sana cha Uchina, lakini hakuishia hapo. Alijaribu, alikosa, alibadilisha njia ya kutoa dawa, akaipima. Dawa za malaria zenye zinatolewa leo katika vituo vyetu zinatoka kwenye kazi hiyo, na mwaka wa 2015 alipewa zawadi ya Nobel. Andiko la zamani lilimuonyesha pa kutafuta. Haliku­mufanyia kazi ya kuhakikisha.

Kwa nini ushuhuda hautoshi

Muuzaji ana silaha moja kubwa: mutu mwenye amepona. « Muulize mama fulani, alikunywa, leo anatembea. » Mara nyingi mama huyo hasemi uongo. Kweli alikunywa, na kweli alipona. Swali ni moja: alipona sababu ya chupa?

Ebola ya mashariki inatoa jibu lenye kila mukaaji anaweza kulielewa. Kati ya tarehe 1/8/2018 na tarehe 25/6/2020, ugonjwa huo ulishika watu 3470 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Kati yao 2287 walikufa. Ni kusema, karibu watu 1200 walipona. Hata ugonjwa mukali namna hiyo unaacha mashahidi.

Kuanzia mwezi wa 11, 2018, wanganga walilinganisha dawa nne huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa 681 waliingizwa katika jaribio hilo. Munganga hakuchagua nani apate dawa gani, na mugonjwa pia hakuchagua: ilikuwa kwa kura, ili kundi moja lisiwe na wagonjwa wepesi na lingine na wagonjwa wazito. Matokeo: katika vikundi viwili, vya dawa zenye zinaitwa ZMapp na remdesivir, karibu nusu ya wagonjwa walikufa. Katika vikundi vingine viwili, walikufa karibu 35 kwa 100. Moja kati ya dawa hizo mbili zenye zilishinda ilitokana na damu ya mutu mwenye alipona Ebola ya Kikwit ya mwaka wa 1995, katika kazi yenye Profesa Jean-Jacques Muyembe alishiriki. Mwezi wa 8, 2019, zile dawa mbili za kwanza zikasimamishwa katika jaribio.

Sasa fikiria hivi. Katika kundi la ZMapp, nusu ya wagonjwa walipona. Kila mumoja wao angeweza kusimama kanisani ao musikitini na kusema: « Nilipewa dawa hii, na mimi niko hapa. » Angesema kweli. Lakini dawa ile ilikuwa inaacha watu wakufe wenye wangeweza kuokolewa na dawa nyingine. Ushuhuda wa mutu mumoja haungeweza kuonyesha jambo hilo. Kulinganisha vikundi ndiko kulionyesha. Wenye walikufa hawakuwa na mutu wa kuwashuhudia.

Tena njia hii si ya Wazungu peke yao. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita, al-Razi, munganga Muislamu mwenye alisimamia hospitali huko Baghdad, aliandika kwamba alitoa damu wagonjwa wa kundi moja na kuacha kundi lingine kwa makusudi, ili aone tofauti. Leo tunajua kwamba kutoa damu hakukuwa dawa nzuri ya ugonjwa ule. Lakini swali lake lilikuwa sawa: wale wenye hawakupata dawa, wao walikuwa namna gani?

Mambo yenye yanatudanganya

Hata pasipo muuzaji mwongo, kuko mambo yenye yanafanya chupa ionekane na nguvu.

Kwanza, magonjwa mengi yanaisha yenyewe. Mafua na kikohozi cha kawaida vinapita kisha siku kadhaa, ukunywe ao usikunywe kitu.

Pili, magonjwa mengine yanapanda na kushuka: vidonda vya tumbo, pumu, maumivu ya viungo. Mutu anatafuta dawa siku yenye maumivu yamefika juu. Kisha hapo, hata bila dawa, mara nyingi yanashuka.

Tatu, mugonjwa anakunywa vyote viwili. Mwenye kifua kikuu anapewa kinini za hospitali, anaongeza mafuta. Kisha wiki chache kikohozi kinapunguka, sifa zinaenda kwa mafuta, na kinini zinaachwa. Matibabu ya kifua kikuu kwa kawaida yanachukua miezi 6. Mwenye anaacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa umezoea dawa, na anaweza kuambukiza watoto wake ugonjwa huo mugumu zaidi. Vilevile kwa SIDA: mutu mwenye anakunywa ARV vizuri anaweza kupimwa na labo isione virusi. Hajapona, virusi vimefungwa na dawa. Akiacha, vinarudi. Na mutoto mwenye diabete ya kuchomwa insulini, akinyimwa sindano, anaweza kuanguka ndani ya koma kwa siku chache tu.

Ine, maneno ya muuzaji yametengenezwa ili yasiweze kushindwa. Ukipona, ni mafuta. Usipopona, imani yako ilikuwa kidogo, ao ulianza kwa kuchelewa, ao ulinunua ya bandia. Kwa njia hiyo muuzaji anashinda kila siku, na mugonjwa anabeba ugonjwa wake pamoja na laumu. Dawa ya hospitali inaweza kukosea na kukubali kwamba imekosea. Ndiyo ZMapp ilisimamishwa.

Si Waislamu peke yao

Ingekuwa vibaya kufikiri kwamba jambo hili ni la dini moja. Mafuta ya upako na maji ya maombi yanauzwa pia katika makanisa ya miji yetu. Na jirani zetu Watanzania wanakumbuka mwaka wa 2011, kule Samunge, Loliondo, penye muchungaji mustaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimuonyesha dawa hiyo katika ndoto, na kwamba inaponyesha SIDA, kansa na diabete. Maelfu ya watu wa dini mbalimbali walipanga mistari ya magari ya kilometa nyingi. Wengine walikufa njiani, na wengine waliacha ARV zao. Masapila mwenyewe alikufa mwaka wa 2021. Magonjwa yale yote matatu yangali yako.

Kwa nini watu wanaenda kwa chupa?

Si kwa ujinga. Hospitali inaomba feza mbele ya kumuangalia mugonjwa. Barabara ni mbaya, vita inafunga njia, dawa zinakosekana, na mara nyingine mugonjwa anapokelewa kwa ukali. Muuzaji wa mafuta anakaa karibu, anamuita « mama » ao « baba », anamusikiliza, anamupa tumaini. Mutu mwenye anataka kushindana na chupa lazima aangalie pia jambo hilo. Inafaa kukumbusha kwamba dawa za kifua kikuu na ARV zinatolewa bure katika inchi yetu, wakati chupa inanunuliwa, na tena kila mwezi.

Chupa hiyo, kama imeingia sokoni kama chakula, haikupimwa kama dawa. Dawa yenye inauzwa Congo inapashwa kuwa na ruhusa ya ACOREP, shirika la serikali lenye linasimamia mambo ya dawa. Picha ya musikiti juu ya karatasi si ruhusa.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Mutu haitaji kusoma udaktari ili ajilinde. Maswali haya yanatosha:

– Inaponyesha ugonjwa gani, kwa jina? Kama jibu ni « yote », simama hapo.
– Wangapi walikunywa na hawakupona? Mwenye hajawahi kuwahesabu hajui dawa yake.
– Unanikataza kinini za hospitali? Mwenye anasema ndiyo, muache na chupa yake.
– Nikizidi kugonjwa, wewe utafanya nini? Munganga ana jibu: atabadilisha dawa, atakutuma hospitali kubwa. Muuzaji ana jibu gani?

Familia yenye inataka kutumia habasoda ndani ya chakula, kula tende wakati wa kufuturu ao kunywa Zamzam kwa baraka, iendelee kwa amani, ikiangalia sukari kwa wenye diabete. Kwa mugonjwa mwenye ameisha kuanza mafuta, jambo la kwanza si kuyatupa wala kuyaficha. Abebe chupa siku ya kwenda kituo cha afya, aiweke mbele ya munganga, aseme anakunywa vijiko vingapi na tangu lini. Na kwa mwenye ameacha kinini za kifua kikuu, ARV ao insulini sababu ya maneno ya mutu, asingojee siku ya kupimwa yenye ilipangwa: arudi leo, hata kama anaogopa kugombezwa.